Vibati vya Stima

Taito ya ploti yangu, ile hati ya umiliki, naiweka ndani ya bahasha ya eksirei. Ni ile bahasha kubwa ya kahawia niliyopewa hospitalini mwaka ule ubao wa nyuma wa lori uliniangukia mguuni nikipokea magunia ya makaa. Mwizi akiingia kwangu atabeba runinga, atabeba mtungi wa gesi, na akiwa na njaa atabeba hata sufuria ya githeri. Sijasikia bado mwizi aliyeiba picha ya mguu wa mtu. Kwa hivyo hati ililala humo miaka na miaka, nyuma ya mfupa wangu, bila deni la mtu juu yake.

Naitaja mapema kwa sababu karibu kila aliyetaka kunisaidia katika mambo haya aliomba kuiona kwanza.

Ploti yenyewe ni ekari moja na nusu kando ya barabara ya Namanga, ukitoka Kitengela kuelekea Isinya. Niliinunua kwa makaa, kisha kwa chai, kisha kwa ubishi. Leo ni yadi ya malori. Malori ya mawe ya chokaa hutoka kwenye machimbo upande wa Kajiado yakiwa yameshiba, yanaelekea viwanda vya simiti, lakini hayaingii kiwandani moja kwa moja. Kiwanda hutoa namba, dereva hungoja zamu yake, na pahali pa kungojea ni kwangu. Nalipwa kwa kila lori linaloegeshwa, halafu namuuzia anayengoja chai, chapati na maharagwe. Ukiniuliza kazi yangu ni nini nitakuambia ukweli: nauza kungoja.

Lori la kwanza la stima, la kwenda kwa betri badala ya dizeli, liliponijia niliruka. Nimezoea kusikia lori kabla ya kuliona. Hili nililiona limeshasimama mgongoni mwangu, kimya kama mkaguzi wa leseni. Dereva wake, mtu wa Kakamega mwenye tumbo la heshima, alishuka akinyoosha kiuno.

"Mathe, uko na stima?"

"Ya kuchemsha chai iko."

"Na ya kuchemsha hii?" Akapiga mlango wa lori kwa kiganja.

"Hiyo ukiichomeka kwangu Kitengela yote italala giza, na watakuja kunitafuta na rungu."

Alicheka, akaagiza chapati tatu, akanieleza. Mdosi wake alikuwa amenunua malori matatu ya stima. Yalichaji kwenye yadi ya mdosi huko Nairobi, Industrial Area, na pahali pengine hakuna. Betri ilitosha safari moja ya mawe kwa siku, basi. Wenzake wa dizeli walipiga mbili. Na kila siku yeye alikaa kwangu karibu masaa matatu akingoja namba ya kiwanda.

"Hapa nakunywa chai nikiangalia lori," akasema. "Ningekuwa nakunywa chai nayo ikikunywa stima, jioni narudi machimbo mara ya pili."

Maneno hayo aliyasema akitafuna. Yalinichukua mwaka mzima.

Nilinunua daftari. Lori likiingia, naandika namba yake na saa. Vilevile nahamisha punje moja ya mahindi kutoka mfuko wa kushoto wa aproni kwenda wa kulia. Jioni nahesabu punje, nalinganisha na daftari. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Si kwamba siamini watu. Ni kwamba nimewahi kuwaamini.

Punje zikasema arobaini na nne kwa siku. Daftari likasema arobaini na nne. Nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda benki.

Kabla ya benki nilipitia kwa watu wa stima, na huko nilijifunza kitu ambacho hadi leo kinanikereketa. Mashine za kuchaji malori si soketi ya simu. Zinataka laini yake na transfoma yake. Anayeitaka ndiye anayeilipia, transfoma na nguzo na waya. Ikishasimama, si yake tena.

"Nalipa mimi, halafu inakuwa yenu?" niliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Hata mahari, mtu hulipa akaondoka na mke."

Karani hakucheka. Nadhani huambiwa hivyo kila siku.

Basi nikafika benki nikiwa najua mzigo wangu: laini na transfoma, ambavyo ndivyo vizito, na mashine mbili juu yake. Afisa wa mikopo alikuwa kijana nadhifu, suruali imembana kama soseji, na adabu alikuwa nayo. Alisoma daftari langu lote. Hilo nitamshukuru. Halafu akatoa kalamu nyekundu akaanza kuzungushia namba za malori.

"Mama, hii iko hapa saa mbili asubuhi. Iko hapa tena saa tisa. Hii nayo pia. Na hii." Akaendelea hadi mwisho wa ukurasa. "Hizi lori si arobaini na nne. Ni ishirini na mbili. Umehesabu mara mbili."

Nimetukanwa sokoni, nimetukanwa na makanga, nimetukanwa na mama mkwe. Hakuna aliyewahi kunipata kama huyo.

"Na kati ya hizi, za stima ni ngapi?"

"Tatu. Asubuhi huingia tupu kwa chai, mchana hurudi na mawe."

Akaandika tatu, akaizungushia hiyo pia. "Mama, mkopo huu hauwezi kujisimamia. Lakini ukiweka taito, tunaweza kuongea. Halafu kuna jambo la muda. Lori likisimama kuchaji, linapoteza muda wa kazi."

"Muda unapotea tayari. Unapotelea kwangu, mimi nauokota."

Alipekua fomu mbele na nyuma kwa dhati kabisa, akanipa jibu la kweli. "Hiyo haina pahali pa kuandikwa."

Alinituma Kajiado, ofisi ya ardhi, nikafanye search ya kuonyesha kwamba ploti haina tatizo. Nilienda. Foleni ilikuwa ndefu, na mtu kama mimi akikalishwa pahali atahesabu kitu. Nje kulikuwa na ubao wa matangazo, umebandikwa notisi za minada ya ploti zilizochukuliwa kwa mikopo. Nikahesabu: kumi na moja. Nikarudia kwa sababu ndivyo nilivyo, nikapata kumi na mbili. Moja ilikuwa imefunikwa na nyingine. Nikaiinua kwa kidole.

Ilikuwa ya jirani yangu aliyekuwa akiuza mbao hatua chache kutoka kwangu. Alituambia anahamia shamba la mkewe kwa sababu hewa ya Kitengela ina vumbi la simiti. Tulimwamini. Hata tulimchangia pesa za lori la kuhama.

Nilifanya search. Ilirudi safi, jina langu peke yake, hakuna mwingine. Karani akaniambia, "Mama, hii iko sawa, peleka benki." Nikamwambia asante. Nilirudi Kitengela na ile karatasi kifuani nikiwa nimeshaamua: watajenga juu ya ploti hii wanachotaka, lakini juu ya hati hawajengi kitu.

Kuamua ni rahisi. Asubuhi iliyofuata transfoma bado ilikuwa bei ile ile.

Jirani yangu wa upande wa pili ni mama wa Kimaasai anayeniletea maziwa. Amenizidi umri kidogo, na kwa kupatana bei amenizidi sana. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya kisima chetu. Alinikuta nimekaa juu ya kreti ya soda.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu kinyonge.

"Nani amekufa?"

"Hesabu yangu."

Nikamweleza yote, arobaini na nne zilivyogeuka ishirini na mbili. Alinisikiliza huku akimimina maziwa, na bila kuinua macho akasema, "Ng'ombe wangu namkamua asubuhi, namkamua jioni. Umewahi kunisikia nikisema niko na ng'ombe wawili?"

"Hapana."

"Na umewahi kunisikia nikilia kwamba ni mmoja?" Akafunga mtungi. "Wewe unataka ng'ombe wapita njia. Wa nini? Huyu wa kurudi jioni ndiye analisha watoto. Na hiyo ni lita mbili, si moja na nusu. Lipa."

Nililipa. Alipoondoka nilirudi kwenye daftari nikalisoma upya. Kalamu nyekundu ya yule kijana ilikuwa imenifanyia kazi bure: ilinionyesha malori yaleyale, siku zilezile, saa zilezile. Sikuhitaji malori mengi. Nilihitaji machache yasiyo na pengine pa kwenda. Na watu wachache wanaorudi palepale kila siku, sisi wa huku tunajua tangu zamani namna ya kuwajengea kitu. Tulifanya hivyo kwa maji.

Kisima chetu hakikuchimbwa na benki. Kila nyumba ililipa kabla ya mashine kugusa ardhi, na aliyelipa alipewa kibati, kipande cha mabati cha mviringo chenye namba iliyogongwa kwa msumari. Mwenye kibati huteka kwanza, na kwa bei ya chini, maisha yake yote. Asiye nacho anangoja wenye vibati waishe, kisha anateka kwa bei ya dukani. Hakuna anayefukuzwa. Shimo la kwanza lilitoa maji ya chumvi ambayo hata punda aliyakataa. Hakuna aliyerudishiwa pesa, maana tulikuwa tumeambiwana mapema kwamba ardhi haina risiti. Tukachanga tena. Shimo la pili linatunywesha hadi leo.

Nikakata vibati kumi kutoka kwa mkebe wa mafuta ya kimbo, nikavigonga namba. Halafu nikamwambia yule dereva wa Kakamega amlete mdosi wake.

Alikuja na pikapu nyeupe, mtu wa Kiambu wa rika langu, kofia ya ngozi, macho ya kupima. Nilimwekea chai. Nikamweleza: analipa miezi ya kuchaji kabla, anapata vibati vitatu, malori yake yanatangulia kwa bei ya chini.

"Ngoja nikuelewe, mama. Nilipie stima ambayo haijakuja, kwa mashine ambazo haziko, chini ya transfoma ya wenyewe?"

"Umeelewa haraka. Wengine huchukua siku mbili."

"Miezi mingapi?"

"Sita."

Akacheka hadi kofia ikasogea. "Si uende benki kama watu? Wakupe pesa, wewe unipe stima, mimi nikulipe mwisho wa mwezi. Hivyo ndivyo dunia inaenda."

"Dunia inaenda hivyo na ploti za watu ziko kwenye ubao pale Kajiado. Sita."

"Mmoja."

"Mmoja ni wa kulipia hiyo chai. Mitano."

"Miwili. Na hizo mashine ziwe za malori yangu pekee. Sitaki kukuta mtu hapo."

"Hiyo hapana. Ukiwa na kibati unatangulia, lakini hufungii mwingine bomba."

"Bomba gani tena? Tunaongea maji?"

"Tunaongea foleni, bosi. Wewe unaijua foleni. Malori yako yamezeekea hapa."

Akasimama, akavuta kofia, akaenda kwenye pikapu. Sikumwita. Kikombe chake kilikuwa nusu, na mimi sijawahi kuona mtu wa Kiambu akiacha chai aliyowekewa bure. Alifungua mlango wa gari, akaufunga. Akapiga simu ambayo naamini haikuwa na mtu upande wa pili. Dereva wake, aliyekuwa amejibanza kwenye kivuli cha lori akijifanya anakagua gurudumu, akapaza sauti: "Bosi, safari mbili kwa siku!"

"Wewe nyamaza, nani amekuuliza?" Lakini alirudi, akakaa, akachukua kikombe. "Mitatu. Na madereva wangu wanakunywa chai bure."

"Mitatu. Chai walipe. Hiyo ndiyo biashara yangu ya kweli."

"Na stima isipokuja?"

"Pesa yako imeenda, na yangu imeenda. Kisima chetu cha kwanza kilitoa chumvi."

"Unaniambia hivyo na unataka nilipe?"

"Nakuambia hivyo ndio ulipe. Anayekuahidi hakuna hasara, muulize hati zako zinalala wapi."

Akamaliza chai, akachukua vibati vitatu, akavipima mkononi kana kwamba ni dhahabu, akauliza kama ni mkebe wa kimbo. Nikamwambia ndiyo, wa kilo mbili. Wiki mbili baadaye rafiki yake aliyekuwa akisubiri malori mawili ya stima alikuja kuchukua viwili. Vitano kwa jumla. Nilihesabu tena, vikawa vitano.

Vitano vilitosha mashine. Kwa transfoma na laini, havikutosha hata nguzo tatu. Hapo ndipo niliingia sacco, ambako nimeweka akiba tangu siku za makaa. Sacco ilisema inaweza kunikopesha kilichobaki, ikishikilia mashine zenyewe na mikataba ya vibati, na wadhamini tisa wa kuweka akiba zao nyuma ya jina langu.

Wanawake wa kamati ya kisima ni tisa.

Mwenyekiti alinipokea bomani kwake akiwa ameshajua. Kitengela habari haina miguu lakini hufika. "Tutakudhamini," akasema kabla sijaomba. Nikatulia nikingoja bei. "Ile pampu yetu inakunywa dizeli kuliko mlevi. Waya wake utoke kwenye hiyo transfoma yako."

"Si yangu, ni ya watu wa stima."

"Basi ya watu wa stima. Waya wetu kwanza, kabla ya lori lako la kwanza."

"Kwanza? Mimi ndio nalipa deni! Tuseme siku moja, pamoja."

"Lori halina kiu."

"Mama, lori ndilo litakalolipa—"

"Lori halina kiu," akarudia, akaanza kumkamua ng'ombe, na nikajua kikao kimeisha. Nilikuwa nimemchezea mwenye pikapu kama bao. Hapa nilitoka bila hata shilingi.

Siku ya kutia sahihi tulijaa ofisi ya sacco, tisa na mimi, shanga na leso na viatu vya kanisani. Karani akaomba, kwa utaratibu tu, tuache pia nakala ya taito. Mwenyekiti alijibu kabla yangu.

"Karatasi ikikimbia utaitafuta wapi? Sisi unajua tunaishi wapi."

Karani akafunga faili. Lakini mimi niliporudi nyumbani sikulala vizuri, na sitadanganya. Kuogopa benki ni kuogopa barua. Kuogopa wanawake tisa ambao utakutana nao bombani kesho asubuhi, na kesho kutwa, na Jumapili kanisani, hiyo ni dhamana ambayo hakuna wakili anayeweza kuiandika. Na hiyo niliichagua mwenyewe.

Nguzo zilikuja zimechelewa, transfoma ikachelewa zaidi. Katikati ya kuchelewa mwenye pikapu alinipigia mara nne kwa wiki kuuliza kama kibati kinaweza kukaanga mayai. Nilimjibu kila mara. Mtu aliyelipa ana haki ya kutusi.

Pampu iliwashwa kwanza. Wanawake walipiga vigelegele, na mimi nilipiga pamoja nao, meno yamekaza. Siku tatu baadaye lori la Kakamega liliingia kimya vilevile, dereva akavuta ule waya mnene, akauchomeka, akasimama kando na mikono kiunoni kama mtu aliyemfikisha mgonjwa hospitali. Taa ya kijani ikawaka. Akaagiza chapati tatu. Alizilipia.

Afisa wa benki alikuja mwezi uliofuata, suruali ileile. Alizunguka mashine, akahesabu malori yaliyongoja, mara moja tu.

"Mama, hongera. Kusema kweli sikutarajia. Tumeongea ofisini, tunaweza kununua hilo deni la sacco. Tukuongezee mashine mbili, riba nafuu. Nione tu taito, nipige picha ya simu. Ni picha tu."

"Ni picha unataka?"

"Picha tu, mama."

"Kaa. Kunywa chai."

Niliingia ndani. Nilitoa hati kwenye bahasha, nikaiweka chini ya godoro, nikatoka na bahasha mikononi jinsi mtu anavyobeba kitu cha thamani. Aliipokea kwa mikono miwili. Adabu, nilishasema, alikuwa nayo. Akavuta kilichokuwa ndani, akageuza, akageuza tena, hatimaye akakiinua juani.

Dereva wa Kakamega alisogea na chapati mkononi, akachungulia juu ya bega lake. "Haki huo ni mguu! Mathe, ni wako? Ulivunjika wapi?"

Afisa alikuwa bado ameinua ile picha, jua la mchana likipita katikati ya mfupa wangu, malori yakinguruma barabarani, na moja likinyamaza kwa sababu lilikuwa linakunywa.

"Mimi sioni palipovunjika," afisa akasema.

"Angalia tena," nikamwambia. "Mara mbili."